Siku Nilipopima Ardhi kwa Mama Shiro

Haipiti muda kabla kijana mmoja hajanisimamisha pale Kangemi na kuniuliza swali lile lile: mzee Wafula, antena ya mita mia moja na sitini inatoshea vipi kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia? Haitoshei. Nimeifanya kazi hii karibu miaka arobaini na sijaiona ikitoshea hata siku moja. Wimbi lenyewe lina urefu wa mita mia moja na sitini. Robo yake, ambayo ndiyo antena, ni mita arobaini kwenda juu, yaani jumba la orofa kumi na tatu. Na kwenye hiyo ploti yako tayari kuna nyumba, tangi la maji, kamba ya nguo, mbwa na jirani. Kwa hivyo usiniulize inatoshea vipi. Niulize tunaidanganya vipi ikubali.

Nimestaafu kwa sababu magoti yangu yalistaafu kwanza. Zamani nilipanda milingoti juu ya maghorofa ya mjini kuwafungia watu wa maofisi redio zao. Simu za mkononi zilipokuja, maofisi yakatusahau, nikabaki na wateja wa aina moja tu: wapenzi wa redio. Hawa ni watu wenye leseni ya kurusha mawimbi kutoka nyumbani kwao na kuzungumza na wenzao upande wa pili wa dunia, bila mshahara na bila sababu ambayo mke au mume anaweza kuielewa. Wengi wako Loresho na Kitisuru kwenye miti mirefu. Wachache wako kwetu Kangemi, ambapo mti mrefu kuliko yote ni nguzo ya stima, na hiyo usiiguse.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana nyinyi mnapenda kutazama juu. Mkifika kwa mteja mnaangalia mti, mnaangalia paa, mnapiga picha. Kazi iko chini. Antena ya masafa ya chini ina nusu mbili, na nusu moja ni udongo unaokanyaga. Udongo peke yake ni mvivu, unakula nguvu zote za redio na kuzigeuza kuwa joto, hata minyoo haishukuru. Kwa hivyo tunaulaza waya kwenye nyasi kuanzia pale antena inaposimama, unatawanyika kila upande kama njiti za mwavuli. Mkiwa na nafasi ndogo, wekeni waya nyingi fupi, msiweke chache ndefu. Mimi naweka thelathini za mita saba saba pale ambapo mwingine angehangaika kupitisha nne ndefu katikati ya choo na geti. Wala msichimbe mitaro. Kateni nyasi fupi, lazeni waya, zibaneni kwa vipini vilivyokunjwa kutoka kwenye henga za nguo. Mvua mbili tu, nyasi inaumeza, na mwenye nyumba anasahau kwamba aliwahi kulalamika.

Hayo nilifundishwa na Mzee Salim, mtu wa Mombasa aliyekuja Nairobi kwa kazi ya miezi sita akazeekea hapa akilalamikia baridi. Mzee Salim alikuwa na ugomvi mmoja na Nairobi nzima: Kiswahili chetu. Mafundi wote wa hapa huiita ile nusu ya chini "earth". Yeye alikataa katakata. "Lina jina lake," alisema. "Ni ardhi. Sema ardhi, au shuka kwenye ngazi yangu." Ukisema earth, hakupi bisibisi. Baada ya miaka tisa chini yake, mimi Mbukusu mzima nikawa nasema ardhi kama mtu aliyezaliwa Mji wa Kale. Kumbukeni jambo hilo, kwa sababu ndilo lililotaka kuniua.

Lakini kwanza niwaambie nilivyoanza, msije mkafikiri nilizaliwa nikijua. Katika mwaka wangu wa kwanza Mzee Salim alinituma Kitisuru peke yangu, kwa daktari mmoja aliyestaafu. Akaniambia, "Udongo wa pale umekauka. Chimba shimo la ardhi, tia makaa, tia chumvi, mwagia maji." Mimi nikasikia chumvi na maji, makaa na shimo yakanipita. Nikanunua magunia mawili ya chumvi, nikayakoroga kwenye pipa, nikamwagilia bustani yote ya mbele kwa uangalifu mkubwa, mpaka kwenye mizizi ya maua ya waridi. Redio ilifanya kazi vizuri sana kwa siku nne. Siku ya tano daktari alipiga simu. Waridi lote lilikuwa limekufa, na ng'ombe wa jirani walikuwa wamevunja ua kuja kulamba uwanja wake. Mzee Salim akasema kwa upole kwamba atanunua kamusi, ili anionyeshe maana ya neno shimo.

Kosa la pili nalikiri kwa sababu mwenye nyumba alishahama. Hapa Kangemi kulikuwa na mwalimu mmoja mpangaji aliyetaka antena isiyoonekana, maana mwenye ploti hakutaka "mawaya ya ushirikina". Nikamwambia hakuna shida, kamba ya nguo ya ploti ni ya waya, tutaitumia hiyo hiyo. Ilifanya kazi. Mwalimu aliongea na watu wa Uturuki kupitia suruali za majirani. Kilichonishinda ni hesabu ya ratiba: mwalimu alirusha saa kumi na mbili jioni, na saa kumi na mbili jioni ndiyo saa ya kuanua nguo, na waya unaorusha huuma mkono. Mama mmoja alimwendea pasta akamwambia nguo zake zinauma. Pasta akaja na watu, wakaiombea kamba, na mwalimu alipoona mikono imewekwa kwenye antena yake hakuthubutu kugusa kitufe tena. Tangu siku hiyo nasema hivi: ncha ya antena iwe mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki, hata ukiwa umeinuliwa kwa maombi.

Sasa nije kwa Mama Shiro.

Mama Shiro ni mjane wa miaka sabini na moja, anakaa pale Loresho inapokaribiana na Kangemi, kwenye kipande alichorithi mume wake. Ujanani alifanya kazi ya telegramu mjini, akituma na kupokea maneno kwa nukta na vistari, ile lugha ya Morse. Kazi iliisha, mkono haukuisha. Kwa miaka zaidi ya ishirini, kila Jumapili, amekuwa akizungumza kwa Morse na mzee mmoja anayeitwa Arthur, wa kisiwa kimoja kusini mwa Australia. Hawajawahi kuonana. Hawajui hata sauti. Lakini wapenzi wa redio wana ugonjwa mmoja: kila masafa ni kisanduku kwenye daftari, na unataka umpate rafiki yako kwenye kila kisanduku. Arthur alikuwa amempata Mama Shiro kwenye masafa yote isipokuwa masafa ya mita mia na sitini, magumu kuliko yote.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Mama Shiro aliniita. Nikakuta chai na mandazi mezani na yeye mwenyewe hali. "Wafula," akasema, "Arthur anahamishwa. Masikio yanaisha na miguu imekataa, anapelekwa kwa nyumba ya wazee, na huko hawakubali antena. Ijumaa ya hiyo wiki ingine mpwa wake anakuja kuangusha mlingoti. Nilimpromise hiyo box moja itajaa."

"Mama, mimi nimestaafu," nikamwambia.

"Hata mimi," akasema. "Kula mandazi."

Ploti yake mnaijua tayari, hamsini kwa mia. Kuna mgrevilea mmoja nyuma na mwingine karibu na geti. Nikachora antena ya kona: waya unapanda mita kumi na nne kwenye mti wa nyuma, unapinda, halafu unakwenda mita ishirini na sita kulala hewani hadi mti wa geti. Jumla ni arobaini. Hiyo ndiyo njia ya kuidanganya ploti. Chini nikapanga waya thelathini za ardhi. Lakini kabla ya kulaza waya hupimwa udongo, ujue ni mvivu kiasi gani, na Januari udongo wetu mwekundu unakuwa mkavu kama unga wa ulezi. Kipimo chake kinataka vigingi vinne vya chuma vilivyopangwa kwa mstari ulionyooka, umbali sawa, vikiunganishwa na waya. Nami hupaka vigingi vyangu rangi nyekundu nisivisahau kwenye nyasi.

Ijumaa nikaenda hadiwea ya Kangemi kununua vigingi. Nje kulikuwa na jamaa akikata vyuma kwa mashine, kwa hivyo nilipompigia Mama Shiro ilibidi nipaze sauti. Niliyoyasema nayakumbuka yote, maana baadaye nilisomewa neno kwa neno: "Mama Shiro, Jumatatu saa mbili nakuja kupima ardhi. Vigingi nimenunua. Tunaanzia kwa mpaka. Usiambie mtu, watu watakuja kusumbua."

Nilisema vile kwa sababu watazamaji hukanyaga waya. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa amesimama mama mmoja anayeuza mayai, na mayai hayo hutoka kwa Baba Kim, na habari humrudia yeye. Baba Kim ni mdogo wa marehemu mume wa Mama Shiro. Kipande chake kimepakana na cha shemeji yake, na ndicho chenye mabanda ya kuku mia tatu na fensi ya stima kuzunguka yote. Upande wa pili wa barabara kila mwaka nyumba moja ya familia inabomolewa na ghorofa linapanda. Kitu pekee kinachomnyima usingizi Baba Kim ni kwamba siku moja Mama Shiro atauza, atahamia kwa binti yake, na yeye atabaki na kuku wake wakitazama madirisha ya watu mia mbili.

Jumatatu saa mbili na robo nilikuwa nimepiga magoti karibu na mpaka, vigingi vinne vyekundu vimesimama kwa mstari, waya umevutwa, kipimo mkononi. Nikaona viatu.

"Fundi," Baba Kim akasema. "Nani amekutuma kupima hii shamba?"

"Sipimi shamba, mzee. Napima ardhi."

Akafikiria. "Sasa wewe unaniona mimi ni mjinga?"

"Hapana mzee. Hii ni ardhi ya redio."

"Redio imenunua?"

"Haijanunua. Inatumia tu. Redio bila ardhi haiwezi kufika mbali."

"Inataka ardhi kiasi gani?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini nilikuwa nimeulizwa swali la kitaalamu, na mimi swali la kitaalamu siwezi kuliacha. "Kusema ukweli," nikamjibu, "hii ya Mama Shiro ni kidogo sana. Ingekuwa bora tuingie na kwako."

Baba Kim alikwenda nyumbani kwake. Nikadhani yameisha. Akarudi na kiti cha plastiki, chupa ya chai, na bahasha ya kaki iliyofungwa na mpira, yenye hati za shamba. Akaweka kiti pale pale chini ya mgrevilea wa nyuma, mahali ambapo waya zote thelathini zinapaswa kukutana, akakaa.

Mama Shiro alitoka. "Shemeji, ni nini?"

"Hakuna kitu. Nimekuja kupunga hewa."

"Hewa ya kwako imeisha?"

"Ya hapa ni poa kuliko."

Alikaa siku nne. Saa mbili asubuhi anakuja, saa saba anaenda kulisha kuku, saa nane anarudi. Mimi nilikuwa na kazi ya kumaliza, kwa hivyo nililaza waya kumzunguka. Nikipiga kipini, anauliza hicho ni cha nini. Nikimwambia ni henga ya nguo, anaandika nyuma ya bahasha. Ilipofika wakati wa kuunganisha waya zote kwenye bamba la shaba, nilimwomba ainue miguu. Aliinua miguu yote miwili, akaishika hewani muda wote nilipokuwa nikikaza nati, wala hakusogeza kiti. Katika maisha yangu ya kazi nimezungushia mfumo wa ardhi mashimo, visima, na wakati mmoja kaburi la mbwa, lakini huo ndio pekee niliojenga ukiwa na mtu katikati.

Jumanne jioni antena ilikuwa hewani. Tukawasha redio. Masafa ya chini hufunguka jua linapozama, kwa sababu mchana anga huyameza. Na sisi tukizamiwa na jua, kwa Arthur ni giza totoro, hivyo kuna dakika chache ambazo njia hunyooka. Tulikaa tukingoja. Tulichosikia ni tik. Kisha tik. Kisha tik, moja kila sekunde, nzito, ikifunika kila kitu.

Mama Shiro akavua visikizi. "Hiyo ni nini?"

Vijana, huo ndio ugonjwa wa Nairobi ya leo. Zamani adui yetu alikuwa radi. Siku hizi ni taa za bei rahisi, chaja, mashine za sola na fensi. Na hamhitaji mtambo wa kifahari kumtafuta. Chukueni redio ndogo ya betri, iwekeni mahali pasipo na stesheni, tembeeni nayo kama mtu anayetafuta mtandao. Nilitembea nayo ile jioni, na kila hatua tik ilikuwa ikikua, mpaka nikafika kwenye fensi ya Baba Kim. Pale kwenye kona, mpashoni, ule mmea wa matunda ya pashoni, ulikuwa umetambaa na kugusa waya. Kila stima ilipopita, cheche ndogo ya buluu iliruka kwenye jani. Ni kazi ya dakika mbili: zima fensi, kata majani, washa.

Nikamweleza Baba Kim.

"Kwa hivyo," Baba Kim akasema taratibu, "kwanza mmepima. Halafu mmeweka vigingi. Sasa unataka nizime fensi, jua likizama, na wewe uingie upande wangu na panga."

Nikiri kwamba alivyoipanga, hata mimi nilianza kujishuku.

"Hapana mzee, ni majani tu."

"Hayo majani ni yangu."

Jumatano jioni Mama Shiro alijaribu hivyo hivyo. Na hapo, katikati ya zile tik, Arthur alisikika. Alikuwa dhaifu sana, unapata herufi mbili, tik inakata ya tatu. Alikuwa akiita jina la redio la Mama Shiro. Akaliita tena. Mama Shiro alijibu, lakini hakuweza kupata jibu lake likamilike, na bila kupata jibu kisanduku hakijazwi, hiyo ndiyo sheria na wenyewe hawaivunji. Arthur aliendelea kuita kwa dakika kumi na moja, kisha akafifia. Nilimtazama mama wa watu ameshika penseli juu ya karatasi yenye herufi tatu. Nilihisi vibaya kuliko siku ya waridi. Waridi lilikuwa ujinga. Hili lilikuwa mdomo wangu.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Asubuhi nilikwenda kwa Baba Kim na hotuba ndefu niliyokuwa nimeiandaa, nikaanza na neno "ardhi", akafunga mlango. Saa kumi jioni alikuwa kwenye kiti chake kama kawaida. Mama Shiro akatoka na kiti kingine, akakiweka mbele yake, akakaa. Mimi nilijifanya nakaza nati ambayo ilikuwa imekazwa tangu Jumanne.

"Shemeji," akasema, "mimi siuzi."

"Sijasema unauza."

"Umekaa hapa siku nne na title deed. Hiyo ni kusema nini?" Hakungoja jibu. "Sikuombi shamba. Nakuomba dakika kumi na tano za hiyo fensi. Kuna mzee anahama kesho, na nilimwahidi."

"Mzungu?"

"Mzee. Kama wewe."

"Na huyo mzee mmejuana aje?"

"Kwa hii redio. Lakini vile tulikuwa marafiki ni ule mwaka ndugu yako alikuwa kwa kitanda. Ulikuwa unakuja Jumamosi, unakumbuka? Jumapili nilikuwa nabaki na yeye pekee yangu. Huyo mzee alikuwa ananiuliza, kila Jumapili, Baba Shiro ameamkaje. Nikimwambia amekula uji, anasema vizuri. Nikimwambia hajakula, tunanyamaza kidogo."

Baba Kim aliitazama bahasha yake. "Alikuwa anauliza juu ya ndugu yangu?"

"Kila Jumapili. Mpaka ile siku nilimwambia hayuko."

Nati ilikuwa imekazwa mpaka ikaanza kulia, nikaiacha. Baba Kim aliinuka, akaufunga mfuniko wa chupa yake ya chai, akaenda kwake. Sikujua kama ni ndiyo au ni hapana, na Mama Shiro pia hakujua, kwa sababu aliingia ndani na kuketi mbele ya redio akiwa amekunja mikono.

Saa kumi na mbili na nusu, tik. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tatu, tik. Halafu hakuna.

Sijui niwaelezeje utulivu huo. Wale waliowahi kusikiliza masafa ya chini mahali pasipo na fensi wataelewa: ni sauti kama ya mvua ya mbali, laini, na ndani yake kila kitu kiko. Na ndani yake alikuwepo Arthur, mdogo lakini mzima, kila nukta mahali pake. Mama Shiro akajibu. Akampa ripoti ya jinsi anavyomsikia, naye akapewa yake. Mkono wake ulienda kama wa msichana wa miaka ishirini. Arthur akatuma herufi moja, R, ambayo kwetu ina maana nimepokea yote, na kisanduku kikawa kimejaa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikilia bila aibu, na kama mnataka kucheka, chekeni.

Dirishani nje kukawa na mtu. Baba Kim alikuwa amesimama na panga mkononi, anailinda mwenyewe fensi aliyoizima. "Ni yeye?" akauliza.

"Ni yeye," nikamwambia.

Akalishusha panga. "Mwambieni pole ya kuhama."

Mama Shiro akatuma kwamba shemeji yake, ndugu ya Baba Shiro, yuko hapa, na anasema pole. Alituma neno lenyewe, herufi nne, kwa sababu kwa Kiingereza halina mwenzake. Likarudi na alama ya kuuliza. Arthur hakulijua.

Mkono wa Mama Shiro ukasimama. Ndiyo mara ya kwanza niliuona ukisimama.

"Mwambie ni sorry," nikasema.

"Sorry ni kama shemeji ndiye amemhamisha."

"Basi mwambie ni kumhurumia."

"Hataki huruma huyo." Dakika zilikuwa zinaisha, Arthur alikuwa ameanza kuzama kwenye ile mvua. Mama Shiro akatuma kwamba pole ni R. Ni R unayomtumia mtu mwenye taabu: nimepokea yote.

Kisha jibu la Arthur likaja polepole, dhaifu, kila herufi ikiwa imepumzika kabla ya inayofuata. Mama Shiro aliliandika kwa penseli, akavua visikizi, akainuka akaenda dirishani na karatasi.

"Amesema nini?" Baba Kim akauliza.

"Amekuambia pole."

"Mimi? Ya nini?"

"Ya ndugu yako."

Kwenye mazishi ya Baba Shiro watu wote walimshika mkono mjane, na watoto, na mimi sidhani kuna mtu aliyemgeukia Baba Kim. Alihamisha panga kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto. "Mwambie asante," akasema, na Mama Shiro akarudi kwenye redio haraka na kutuma, lakini jua lilikuwa limekwisha kuzama na kule hakukuwa na mtu tena.

"Amepata?" Baba Kim akauliza.

"Amepata," Mama Shiro akasema.

Akaaga, akaenda kwake akipitia kwenye waya thelathini kwa uangalifu, akiinua miguu. Fensi alisahau kuiwasha mpaka asubuhi, na kuku wote mia tatu walikuwepo.